Waya wa Tatu

Alhamisi, saa mbili asubuhi, niwe Kisumu
na kitambulisho, ovaroli, buti,
bisibisi mbili, koleo, testa yangu mwenyewe.
Mtihani wa gredi ya tatu.
Leo Jumanne. Jikoni kwangu Chavakali
nimepigilia kipande cha plaiwudi juu ya gunia la makaa:
swichi mbili, holda moja, waya mita nne
za mabaki ya mjengo wa kanisa.
Washia huku, zimia kule.
Nimefunga na kufungua mara kumi na moja
hata skrubu zinalegea kama meno ya mtoto.

Miaka sita nimebeba ngazi ya fundi Andeyo.
Mkono unajua. Mdomo ndio mgeni.
Sisi tulisema "ya moto" na "ya kurudi",
na hii ya kijani yenye mstari wa njano
tuliiita "ile nyingine".
Kitabu kinataka kila kitu kwa jina lake la ubatizo.

Lung'aho, mwanangu, ananihoji kama karani wa korti:
"Mama, kwa nini swichi haikai kwenye nyutro?"
Kwa sababu taa itazima na holda itabaki hai,
na atakayebadilisha balbu hatajua.
Anapiga tiki ukutani kwa kipande cha mkaa.
"Na kupima?"
Pima kipimo kwanza, mahali penye moto.
Kisha pima waya.
Kisha rudi upime kipimo tena,
maana kimya cha waya si ushahidi;
huenda testa ndiyo iliyokufa.

Hapo nikamwambia afunge kitabu.

Nyumba ya Mama Vihenda, Mudete, mwezi wa nne.
Mvua ya saa tisa ilikuwa njiani,
mawingu yamekalia mashamba ya chai,
pesa ya fimbo ya shaba ilikuwa imeishia kwenye mabati.
Andeyo akasema: kunja, ingiza, piga plasta.
Nilikunja. Niliingiza.
Taa ikawaka, vigelegele, tukapewa mkungu wa ndizi.
Na waya wa tatu ukabaki ndani ya ukuta
haujashika chochote,
mkono ulionyooshwa gizani.

Jumatano ilikuwa siku ya ukurasa wa mabomba na vipindo.
Nikaenda dukani kwa Asava, nikachukua fimbo kwa mkopo,
nikaibeba begani hadi Mudete.
Mlangoni nikamkuta mjukuu anapiga pasi sare,
pekupeku,
sakafu imetoka kudekiwa.

"Kwani stima imeharibika?" akauliza Mama Vihenda.
Hapana, mama. Inafanya kazi vizuri.
Hiyo ndiyo shida yake.
Akanitazama kama mtu aliyefuata pesa.
Nikamwomba mtoto aweke pasi chini, avae ndara.
Nikazima kwenye meinswichi.
Kipimo, waya, kipimo.
Nikabomoa plasta niliyoipiga kwa mkono huu huu,
nikachimba pale maji ya kuogea yanapomwagika,
udongo mbichi haukatai mgeni.
Nyundo. Nyundo. Jiwe.
Nikasogea hatua mbili.
Nyundo.
Mama Vihenda akaketi kwenye ndoo, akatazama hadi mwisho,
akasema tu: "Na ukuta wangu?"
Nikasema Jumamosi.

Usiku huu sijui vipindo.
Wakiniuliza kipenyo cha bomba nitakisia.
Andeyo amepiga simu: "Jibu kama kitabu, usilete hadithi."
Sikumwambia nilikotoka.
Ovaroli inaning'inia juu ya jiko ikauke;
udongo mwekundu wa magotini haujatoka wote.
Lung'aho amelala, mkaa bado kiganjani.

Testa iko mfukoni. Nimeipima.
Kesho kabla ya kupanda gari
nitaipima tena.